Waliokosa Darasa

Kazini walimwita Nukta, maana sentensi haikumpita bila kuulizwa inaishia wapi. Kazi yake ilikuwa ya kuandika, ila wasomaji wake hawakuwa watu. Kampuni yao ilituma ujumbe wa simu kwa niaba ya maduka, zahanati na vyuo, na mtumaji mwenyewe alikuwa mashine ya akili mnemba waliyoibandika jina la Karani. Karani alikuwa na zana zake: ya kutafuta namba, ya kupanga saa, ya kutuma. Nukta ndiye aliyemwandikia kila zana ni ya nini, itumike lini, na lini isiguswe kabisa. Karani akisoma, basi anatenda kama ilivyoandikwa, neno kwa neno.

Mama mkwe wake jambo hilo halikumwingia akilini hata kidogo. "Mkwe wangu anaiandikia mashine barua," aliwaambia majirani. "Tena inamtii kuliko mwanangu."

Ikatokea mwalimu mmoja wa dansi, mwanamama mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, akajiunga na huduma yao. Wanafunzi wake wa jioni walikuwa wanamtoroka, naye alitaka asiyefika leo akumbushwe kesho. Nukta akamwandikia Karani maelezo ya zana mpya huku akimalizia chai yake: "Zana hii hutuma ujumbe kwa wanafunzi waliokosa darasa." Akayasoma, akaridhika. Kwake ilikuwa wazi kama mchana kwamba ni waliokosa jana.

Karani hakuambiwa jana. Alipekua kumbukumbu zote za mwalimu tangu ukumbi ulipofunguliwa, akawaandikia wote waliowahi kukosa, hata mara moja: "Tumekukosa sana! Nafasi yako bado ipo. Njoo leo saa kumi na moja jioni."

Jioni ile simu ya Nukta ikalia. "Dada, njoo uone ulichonifanyia!" mwalimu alipiga kelele, nyuma yake muziki na vishindo, kisha simu ikakatika.

Bosi wake akainua kichwa. "Kuna nini?"

"Sijui, bosi. Ila nasikia kama watu wanacheza."

Alifika mbio, roho mkononi. Ukumbi ulikuwa juu ya duka la rangi, na ngazi ilikuwa imejaa watu mpaka barabarani. Bibi mmoja mwenye mkongojo aliwaambia wenzake kwamba aliacha masomo kabla ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na sasa nyonga ni mpya, kwa nini ikae bure? Mwanamume mwenye tai alikuwa akibishana mlangoni: "Wamesema nafasi yangu ipo! Ilikuwa pale, karibu na dirisha!" Kulikuwa na mtu na mtalaka wake, kila mmoja amekuja akiamini mwenzake hatathubutu, na sasa wameshikana mikono kwa kukosa pengine pa kuiweka.

Nukta akajipenyeza hadi kwa mwalimu, tayari kuomba radhi. "Mwalimu, nisamehe, kosa ni langu, niliandika vibaya..."

"Vibaya?" Mwalimu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Yule pale alinitoroka nikiwa na nywele nyeusi! Nilidhani wamenisahau. Wewe niombee tu sakafu isidondokee makopo ya rangi!"

Nukta akacheka mpaka akashika ukuta. Na akiwa ameshika ukuta hivyo, akamwona mwanamume akipanda ngazi kwa kunyata, na viatu vya kung'aa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mume wake. Mume ambaye miaka yote ya ndoa hajawahi kucheza hata hatua moja, kisa goti.

"Baba watoto!"

Mfuko ukaanguka. "Mama watoto! Wewe... unafanya nini hapa?"

"Mimi niko kazini. Goti lako je?"

Yule bwana akatazama dari, akatazama sakafu, mwisho akasalimu amri. "Nilijiandikisha kabla ya harusi yetu, nikushangaze. Siku ya pili nikamkanyaga mwalimu, nikaona aibu, sikurudi. Ndipo nikazua habari ya goti. Leo nimepata ujumbe kwamba wamenikosa sana. Mke wangu, sijawahi kuambiwa hivyo."

"Alikanyaga kweli!" mwalimu akadakia. "Kidole kilivimba!"

Nukta akaketi kwenye ngazi, akafungua kompyuta mapajani, na katikati ya vicheko akarekebisha maelezo ya Karani: atumiwe ujumbe mwanafunzi aliyekosa darasa lililopita tu, na walioacha masomo wasiguswe ila kwa idhini ya mwalimu. Akamtumia bosi neno moja tu: "Tayari."

Mwalimu aliona ukumbi hautawatosha. Akabeba spika, akawateremsha wote kwenye maegesho ya duka la rangi, akapiga makofi mawili. Watu wakajipanga kati ya magari. Mume wa Nukta akavaa viatu vyake, akamshika mkewe kiuno kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Mguu wa kushoto," alinong'ona Nukta.

"Najua, najua," alijibu, akatanguliza wa kulia.