Tuliosoma kwa Macho na Masikio ya Wenzetu

Surua ilinipofusha kabla sijajua majina ya rangi. Sikuhuzunika sana utotoni, kwa sababu shule zote nilizosoma zilikuwa za watoto wasioona. Vitabu vyetu vilikuwa vya nukta nundu, na walimu walitamka kila walichoandika. Chuo kikuu ndicho kilichonifundisha kwamba mimi ni mlemavu.

Wiki ya kwanza Mama alitoka nami nyumbani kwetu Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kila asubuhi hadi mlangoni mwa darasa, huku jirani akimuuzia sokoni omena wake, dagaa wa ziwani. Wiki iliyofuata ilibidi arudi kwenye biashara, nami nikahamia bwenini. Nikabaki na fimbo yangu nyeupe na simu ya kurekodi sauti.

Mhadhiri wa takwimu alikuwa mtu mwema, ila alifundisha kwa kidole. "Ukitoa hii kwa hii," alisema, "unapata hii. Mnaona?" Darasa zima likaitikia kwamba linaona. Jioni, nikiwa kitandani bwenini, nilisikiliza rekodi yangu: hii, hii, na mkwaruzo wa chaki. Nilimpigia Mama simu nikamwambia kwamba labda nirudi nyumbani tuuze omena pamoja.

"Omena hawaendi popote, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Kaa kidogo."

Nikakaa. Kwenye benchi la mbele kulikuwa na msichana aliyekaa kando yangu kila siku bila kunijibu salamu. Nilimwona ana maringo. Kisha asubuhi moja, kabla ya mhadhiri kuingia, alinishika mkono, akaufungua, akaanza kuchora kwa kidole kwenye kiganja changu. Kule shuleni mwalimu mmoja alikuwa ametufinyangia herufi za wanaoona kwa udongo, ili tujue kutia sahihi. Nikazitambua moja moja. K. I. Z. I. W. I.

Nilicheka mpaka nikaona haya. Nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye fimbo yangu, na bega lake likatikisika. Naye alikuwa anacheka.

Baada ya hapo simu zetu zikawa wakalimani. Mimi nilinong'ona, simu yake ikaandika maneno. Yeye aliandika, simu yangu ikanisomea sikioni kwa sauti ya mwanamke aliyetamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka ndege jana. Mkalimani wa lugha ya ishara alikuja chuoni siku chache tu kwa wiki, kwa hiyo siku nyingine zote mimi ndiye niliyempa rafiki yangu maneno ya mhadhiri. Yeye alinipa ubao. Hatimaye nikajua "hii" ilikuwa nini.

Siku moja mhadhiri alikatiza somo. "Nyinyi wawili hapo mbele, mbona mnapiga porojo?"

Nilisimama. "Mwalimu, mwenzangu hasikii na mimi sioni. Mimi ni masikio yake, naye ni macho yangu."

Mhadhiri akasema polepole, "Basi nitajaribu kuwapunguzia kazi." Tangu siku hiyo alitamka kila alichoandika, na alipozungumza aliwageukia wanafunzi, ili rafiki yangu amwone midomo. Wakati mwingine alisahau, na mtu wa nyuma alimkumbusha kwa sauti: "Mwalimu, soma ubao!" Bado namshukuru mtu huyo, ingawa sikuwahi kujua ni nani.

Muhula uliofuata somo lilihamishiwa ghorofani. Chini ya ngazi tulimkuta kijana wa mwaka wetu, mwenye kiti cha magurudumu. Alimwomba kila aliyepanda, "Nirekodie, tafadhali." Mwanzoni wanafunzi wenye nguvu walikuwa wakimbeba, kiti na yeye mwenyewe, mpaka siku mmoja wao alipoteleza na wote nusura waanguke. Hakukubali tena.

"Mimi si gunia la mahindi," alituambia. "Naona vizuri, nasikia vizuri, lakini darasa langu liko mbinguni."

Kila mmoja wetu alikuwa amekwenda peke yake kwa msimamizi wa wanafunzi, na kila mmoja alikuwa ameambiwa kwamba jambo lake litaangaliwa. Safari hii tulikwenda pamoja. Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alitusikiliza, kisha nikasikia kiti chake kikisogezwa.

"Twendeni mnionyeshe," akasema.

Tukamfikisha kwenye ngazi. Akamuuliza kijana, "Wewe hupandaje hapa?"

"Sipandi, Mama."

"Na masomo?"

"Nasoma sauti za wenzangu."

Hakutuahidi chochote, akaenda zake. Lakini juma lililofuata tulikuta darasa limehamishiwa chini, kwenye chumba kilichokuwa ghala la viti vibovu. Siku ya kwanza tulipiga chafya kwa vumbi kutoka mwanzo wa kipindi hadi mwisho, na kijana alikuwa mbele kabisa, akiuliza maswali kana kwamba analipiza ya muhula mzima.

Habari ilivuka ua wa chuo. Kijana alikuwa na binamu mwenye ulemavu wa miguu aliyesoma Homa Bay. Rafiki yangu aliwajua viziwi waliosoma Bondo, na mimi nilikuwa na wenzangu wa shule ya zamani waliotawanyika hadi Siaya. Tukaanzisha kundi la simu, na sharti letu lilikuwa dogo: kila ujumbe wa sauti uandikwe, na kila picha ielezwe. Watu walianza kuulizana mambo ambayo hakuna ofisi iliyotufundisha. Bweni lipi halina ngazi? Mhadhiri yupi huwa tayari kukusomea mtihani kwa sauti? Mkalimani akiugua, nani anaweza kusaidia?

Mkutano wetu wa kwanza wa ana kwa ana ulifanyika mtaani Kaloleni, hapa Kisumu, katika ukumbi wa kanisa tulioazimwa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Viti vya magurudumu vilikwama kwenye tope langoni, tukadhani siku imeharibika. Kina mama wa kanisa wakabeba mbao kutoka nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, wakazipanga hadi mlangoni, huku wakiimba. Mama yangu alikuwa jikoni na sufuria za samaki na kuni zilizoloa.

Ndani tulikwama kwenye jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: kupiga makofi. Viziwi hupunga mikono hewani, nasi tusioona hatukujua kama kuna anayeshangilia. Tukakubaliana kupunga mikono na kupiga miguu sakafuni kwa pamoja. Msemaji wa kwanza alipomaliza, ukumbi ulitetemeka, na viziwi wakauhisi mtetemo huo nyayoni.

Mama alikuja mbio na mwiko. "Nyathina, mnakutana ama mnacheza?"

"Vyote viwili, Mama."

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisumu. Rafiki yangu anafundisha watoto viziwi, na kijana wa kiti cha magurudumu hukagua majengo mapya, kazi aliyoitafuta kwa makusudi. Vyuo bado vina ngazi, na wakalimani bado hawatoshi. Lakini mwaka huu mama mmoja wa Usenge alinipigia simu. Binti yake, anayetembea kwa magongo, alikuwa ameitwa chuoni.

"Mwalimu, huko atamkuta nani?" aliuliza. "Sisi hatujui mtu."

Niliukumbuka wakati ambapo swali hilo lisingekuwa na jibu. "Atakuta watu, Mama," nikamwambia. "Wanamsubiri."

Siku ya kuripoti, binti alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia vicheko, masanduku yakiburutwa, mtu akiimba. "Wamenipokea," alisema. "Wamenitafutia chumba cha chini, na mwenzangu wa chumba ni kiziwi. Ameshaanza kunifundisha ishara."

Nilimsikilizisha Mama. Akaurudia ujumbe mara ya pili, akasema, "Erokamano, Nyasaye," shukrani yake kwa Mungu, kisha akaanza kuchambua omena.

"Mwambie Jumapili aje kula," akasema. "Na huyo mwenzake."