Shimo la Bartholomeo

Kwa kuwa Maganzo nzima inasema nilitaka kumzika shemeji yangu akiwa hai, nitaeleza mwenyewe huyo ni mtu wa namna gani.

Bartholomeo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Amechimba almasi tangu aache shule, na hajapata hata ya kuezekea bati. Kila shimo alilochoka nalo aliliacha wazi. Moja liko kando ya njia ya shule. Mwaka huu ndama wa jirani alifia humo.

Kijiji kikaamua kila kaya ifukie shimo lake Jumamosi, wazazi na watoto pamoja, wote wajifunze kutunza ardhi. Jambo jema. Nilikwenda kwenye hilo la njia ya shule na binti yangu Sesilia na wajukuu. Bartholomeo akaja na chekeche.

"Udongo haurudi chini bila kuchekechwa," aliwaambia wajukuu. "Njooni babu awafundishe kazi."

Majirani walipoona, wakakimbilia machekeche yao. Jua linatua, hakuna shimo lililojaa, na mapya yamechimbwa.

Zipora, mwenyekiti wa kitongoji, alinikabili mbele za watu. "Mama Sesilia, wewe ni mwalimu, msomi. Ukoo wenu umegeuza kazi ya kijiji kuwa machimbo! Jumamosi ijayo shimo lenu lisipojaa, tunawatenga. Mkifiwa, mzike wenyewe."

Ukoo wa mume wangu haujawahi kuambiwa neno kama hilo.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Bartholomeo ameshaingia shimoni na sururu.

"Toka, tufukie."

"Shemeji, hapa chini kuna changarawe ya maana. Niacheni kidogo."

"Toka."

"Mwalimu, almasi haisomwi ubaoni! Kaniletee uji."

Watu wakacheka. Nikamgeukia binti yangu. "Mimina udongo."

"Mama, baba mdogo yumo ndani."

"Namwona. Mimina."

Hakuthubutu. Nikashika chepe mwenyewe. Udongo wa kwanza ulimwangukia miguuni, akacheka. Ulipomfunika vifundo aliacha kucheka, akapanda juu akinitukana kwa Kisukuma. Ndipo Sesilia na watoto waliposhika machepe. Tulilijaza, tukalishindilia kwa miguu. Zipora akaja kulikanyaga mwenyewe, akatangaza kwamba hatutengwi.

Bartholomeo sasa yuko Geita, kwenye dhahabu. Anawatumia salamu wote isipokuwa mimi. Na wanaokuja kuniambia nimwombe radhi, wasijisumbue kubisha hodi.