Namba Tisa ya Vidole Kumi

Mtaani walimwita Vidole Kumi, na jina hilo hakupewa bure. Ni binti wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, mjukuu wa fundi aliyesimamisha daraja la reli, na yeye mwenyewe ndiye mwanamke wa kwanza wa nchi hii kukalia kiti katika chumba cha chapa cha serikali. Alipiga taipureta bila kuitazama, huku akipiga soga.

Wiki ile watawala wa kigeni walipofungasha virago, Katibu wa serikali alimfungia chumbani apige orodha ya mawaziri wetu wa kwanza. Akaapishwa lisitoke neno. Kila jioni karatasi za kaboni, zinazobaki na alama za herufi, zilichomwa Katibu akiangalia.

Namba tisa, Elimu, akakuta jina la kaka yake, mwalimu, aliyefungwa miaka miwili kwa ajili ya uhuru huo huo. Enzi za wageni, kilichopigwa chapa kilikuwa kimekwisha, hakirudi nyuma. Alijua hivyo tu. Kaboni moja akaificha kifuani, akaenda kwa kaka.

“Umo,” akamnong'oneza.

“Acha utani wako, we mtoto.”

“Haki ya Mungu! Elimu, namba tisa.”

Kesho yake kaka akaandika barua ya kuacha kazi, akaenda kupimwa suti.

Lakini serikali mpya ilikuwa bado inaundwa. Orodha ikarudi: wa kusini wamezidi, wa milimani wamenuna, chama kidogo kinataka viti viwili la sivyo kinajitoa. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne. Ya saba ikaja na mstari wa wino mwekundu juu ya namba tisa.

“Mzee, huyu ana kosa gani?” akamuuliza Katibu.

“Kosa hana. Kwao wameshapata wawili.”

“Lakini huyu alifungwa…”

“Mama, wewe kazi yako kupiga chapa, si kupiga kura. Piga.”

Akapiga. Akapiga polepole mno, kana kwamba uzembe wake ungemwokoa mtu.

Saa saba mchana, hata hajafunguliwa mlango, redio ikasoma. Kaka alikuwa sebuleni ndani ya suti, majirani wamejaa hadi dirishani. Namba tisa likatoka jina la mtu mwingine. Hakuna aliyecheka. Waliaga mmoja mmoja, kama watu watokao msibani. Na shule ilikwishaajiri mwalimu mwingine.

“Ulinidanganya,” kaka alimwambia alipofika jioni, akafunga mlango.

Angejitetea vipi? Kuitoa ile kaboni ilikuwa jela. Mtaa ukambandika kaka jina la Mheshimiwa, akalibeba hadi uzeeni, akifundisha watoto wa watu barazani kwake. Salamu za dada zikawa zinarudi kama zilivyokwenda.

Mwaka huu zikaja habari kwamba macho ya kaka yamezima na kifua kimembana. Vidole Kumi mwenyewe magoti hayamchukui tena. Akamwita binti wa kaka, akampa bahasha.

“Toa karatasi iliyomo, inyanyue kwenye mwanga.”

Binti akainyanyua ile kaboni. Herufi zikajitokeza. “Shangazi! Hili si jina la baba?”

“Ndilo. Nenda ukamsomee, kuanzia namba moja, usiruke hata jina moja. Ukifika tisa pumua kwanza, halafu soma kwa sauti. Akikufukuza, soma ukiwa mlangoni.”