Mpaka Pipi Iyeyuke

Hebu vuta picha anavyoingia. Mama wa makamo, mfupi, mkoba begani umejaa karatasi mpaka zipu imekata tamaa, mkononi pipi moja ya mnanaa. Hasalimii kwanza, anaanza kukokota viti. Chumba namba kumi na mbili hupangwa safu safu, kama cha kumsikiliza mtu mmoja, naye kila Jumanne hukivuruga mpaka viti vikae duara. Akishamaliza ndipo husema, "Haya wanangu, hamjambo?"

Wanafunzi wa chuo humwita Mama Pipi, na anajua. Anafundisha jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, na ana utaratibu wake: anauliza swali moja, anatia pipi mdomoni, anakaa kimya mpaka iyeyuke. Usidhani ni mtu wa maneno machache, wapi! Miaka ya mwanzo alikuwa akiuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtu hajameza mate. Pipi ndiyo breki yake. Mumewe humtania: "Wenzetu wa chuoni wanapata kimya chako, sisi huku nyumbani tunapata salio la maneno."

Jumanne hii duara lilikuwa na kiti cha ziada. Alikikalia mkuu wa idara, mzee wa suti ya kijivu, yule yule aliyemfundisha yeye zamani kwa kusoma daftari mstari baada ya mstari. Wiki iliyopita alimwita ofisini.

"Binti yangu, nasikia unaingia darasani kula pipi. Nitakuja nione. Nisiporidhika, muhula ujao unarudi ukumbini, wanafunzi mia mbili na kipaza sauti, yaishe."

"Karibu sana, Mwalimu," alimjibu.

Basi akauliza. "Kuna samaki wanaoishi mapangoni, kwenye giza totoro. Hawana macho. Ndugu zao wa mtoni wanayo. Ya hawa yalikwenda wapi?" Pipi mdomoni.

Feni ikalia kwi, kwi. Mkuu akatazama saa. Mama Pipi akaisukuma pipi shavu la kushoto, akairudisha la kulia. Angeitafuna tu, kra! Angelimwaga somo zima kwa dakika kumi, na mzee angeondoka ameridhika. Hakuitafuna.

Mwishowe kijana mmoja wa miwani akajitosa. "Hawakuyatumia, yakadhoofika. Watoto wakarithi ule udhaifu." Akaegemea kiti kama aliyefunga bao.

Mkuu akakunja uso. Kosa liko wazi, na mwalimu hasemi! Mama Pipi hakupepesa hata kope.

"Wewe naye!" akadakia binti wa fundi seremala, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo. "Msumeno ulimla baba yangu kidole. Mimi nimezaliwa baadaye. Haya, hesabu!" Akainua mikono yote miwili. Wakaangua kicheko.

"Basi sema wewe yalikwenda wapi," Miwani akamchokoza.

"Ngoja, bado napika." Akakuna kichwa. "Mtoni, samaki akizaliwa na macho mabovu haoni chakula, haoni anayemfukuza. Hafiki mbali. Pangoni nani atamshinda kwa kuona? Wote gizani. Anazaa kama wenzake, na ubovu unaendelea kwa watoto."

"Halafu jicho lenyewe linakula," mwingine akaongeza. "Kulijenga na kulitunza kunataka chakula. Asiyelijenga ana akiba."

Miwani sasa amekaa wima. "Kwa hiyo samaki hakuamua chochote?"

"Aamue nini, ndugu yangu? Ni nani alizaa na nani hakuzaa, basi."

Hapo mkono mmoja ukanyooka juu, una suti ya kijivu. Mama Pipi, mnanaa bado mdomoni, akamwonyesha kiganja: subiri, mwenzako hajamaliza. Wanafunzi wakamgeukia mzee. Mzee akaushusha mkono wake, akasubiri.

Zamu yake ilipofika, akapandisha mkono wa koti. "Mimi nikisikia baridi, vinyweleo vinasimama. Paka vikimsimama, manyoya yanatuna, anapata joto. Mimi manyoya yangu yako wapi? Kama samaki alipoteza asichokihitaji, hiki changu mbona hakijaondoka?"

Watu watano wakaanza kusema kwa pamoja. Saa ya kipindi ikaisha, hakuna aliyenyanyuka. Pipi ilishayeyuka kitambo, mwenyewe hana habari.

Mlangoni mzee akamzuia. "Binti yangu, mmeniacha njiani. Jibu ni lipi?"

Mdomo ulikuwa mtupu, na jibu lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Mama Pipi akachimba mkobani, akampa pipi.

"Jumanne, Mwalimu."

Mzee akaitazama, akacheka, akaimenya karatasi. "Haya, Jumanne. Na muhula ujao, kwenye duara lako hilo, nitafutie kiti kisichochechemea."

Nawe uliyekaa nasi mpaka hapa, usimkimbilie mtu kumuuliza. Tia kitu mdomoni, utulie, utazame mkono wako siku ya baridi. Vinyweleo hivyo vinavyosimama bila kumpa mtu joto, unadhani vimebaki kwa nini?