Kisu cha Kukatia Keki

Papa Ridhwani, dereva mstaafu wa Majengo, alipandwa na kichaa cha kufua visu. Si vya kuuza, hapana. Vya kujifurahisha tu. Tanuru lake lilikuwa janti kuukuu, lile duara la chuma la gurudumu, iliyojaa makaa, na moto aliupuliza kwa mashine ya mkewe ya kukaushia nywele. Tangu siku hiyo mkewe, Mama Aziza, akawa mtu wa kilemba.

Tatizo, visu vyenyewe havikukata hata tunda la avoka.

"Mukono wangu hauna kosa," mzee alijitetea. "Chuma ndiyo iko mubaya."

Chuma kizuri, kila mfuaji anajua, ni cha resori, yale mabamba yanayobeba gari kwa nyuma. Akaitazama Toyota yake. Akafungua bamba moja. Gari halikulalamika. Akafungua la pili, kisha la tatu.

Jumamosi wakaenda arusi kule Lac Vert. Sufuria ya pilau ilipewa kiti cha mbele, Mama Aziza akakaa nyuma. Kila jiwe la volkano barabarani lilimrusha hadi kilemba kikagonga paa.

"Eh, barabara hii!" Papa Ridhwani alisema, bila kugeuka.

Walipofika, Mama Aziza aliinama, akachungulia chini ya gari, akajifunga kitenge upya.

Wakati wa keki, mzee akatoa kisu chake kipya kwa madaha. Kikapita keki, kikapita na sahani ya plastiki chini yake. Vigelegele!

"Muzee," bwana arusi akauliza, "chuma kama hii unaipataka wapi?"

Mzee akakohoa. Mama Aziza, mkono kiunoni, akamjibia:

"Chini ya matako yangu!"