Wembe Uliorithiwa Bila Mkanda

Watu wananiambia nimsamehe baba mdogo, eti yameshapita. Mimi sijasamehe. Labda nitasamehe siku nyingine, lakini si leo, maana leo nimeutoa wembe wa marehemu baba nikaupaka mafuta, na kila nikiushika hasira zinanipanda upya.

Ni wembe wa zamani wa kukunja, ule ambao chuma chake kinaingia ndani ya mpini. Baba alikuwa seremala hapa Mjimwema na alikuwa na vifaa vingi, ila huu hakumwazima mtu. Nyembe za dukani zilimtoa vipele shingoni mpaka kola za mashati zikawa na madoa ya damu. Huu haukumtoa kipele hata kimoja. Alinyolea ndevu zake tangu mimi sijazaliwa, na watu waliokuja kumwona asubuhi walimsifu kwa kidevu chake laini wakadhani chuma hicho ni cha ajabu.

Hawakuwa wakiutazama mkanda. Kwenye fremu ya mlango wa uani palikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia mkanda wa ngozi ya ng'ombe, mpana kama kiganja, nyuma yake umeshonewa turubai. Kila asubuhi, maji yakiwa bado hayajachemka, baba alishika ncha ya chini ya mkanda kwa mkono wa kushoto na kuuvuta mpaka ukakaza, kisha akaulaza wembe bapa na kuupitisha, mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Akifika mwisho aliugeuza juu ya mgongo wake, makali yasiguse ngozi wakati wa kugeuka, halafu akarudi nao. Alianza na upande wa turubai, akamalizia na ngozi. Hakukandamiza kamwe.

"Ukikandamiza unayalaza makali," alinifundisha. "Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Wewe kazi yako ni kuusindikiza."

Akishanyoa aliukausha, akaupitisha tena kidogo kwenye ngozi kuondoa unyevu, akaupaka tone la mafuta ya alizeti, akauweka. Alisema makali nayo yanachoka, yanahitaji kulala. Miaka ya mwisho mikono yake ilianza kutetemeka na kazi ya mkanda ikawa yangu. Nilikuwa nikipita nyumbani alfajiri kabla sijafungua genge langu Bombambili, na kama nimechelewa nilimkuta amekaa ananisubiri na sabuni imeshakaukia mashavuni.

Baba akafa. Tukazika, misa ikasomwa, na siku ya kumaliza msiba ukoo ukakaa kugawana vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeongoza. Koti likaenda huku, viatu vikaenda kule. Baba mdogo, anayelima tumbaku Namtumbo, hakusubiri kupewa.

"Wembe wa kaka nauchukua mimi," alisema. "Ule unanyoa wenyewe."

Nikasema, "Baba mdogo, basi chukua na mkanda wake. Bila mkanda hautakunyoa."

Akacheka, akajipiga kiunoni. "Mikanda ninayo mwanangu, suruali haijawahi kunianguka." Watu wakacheka. Shangazi akanigeukia na kuniambia kwamba watoto hawasemi kwenye mgawo. Mtoto! Nina watoto wawili shuleni, nina genge linalolisha nyumba, na mimi ndiye niliyeushika ule wembe kila asubuhi wakati huyo baba mdogo hakuonekana hata Krismasi. Mkanda ukabaki kwenye msumari wake kwa sababu hakuna aliyeuona kuwa ni kitu.

Msimu wa tumbaku haujaisha, simu ikalia. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp baba mdogo alikuwa ametuma picha ya kidevu chake, kidevu peke yake, kimechanjwa pande tatu. Nikaandika: "Shikamoo baba mdogo, pole. Unaupitisha kwenye ngozi kabla ya kunyoa?" Hakunijibu. Mwingine akatuma picha ya mikono inayosali, mwingine akaandika pole, basi.

Baada ya hapo zikaanza sauti. Baba mdogo haandiki sana, anapenda kurekodi, na anarekodi akiwa anatembea, unasikia kuku na pikipiki nyuma yake. Sauti ya kwanza ilisema amemwazima wembe jirani yake, ukamkata, na jeraha limetunga usaha. Ya pili ilisema marehemu hajaridhika. Ya tatu ndiyo iliyoniondolea usingizi. "Huu wembe kaka amenyolea maisha yake yote, haukumkata. Kwangu unakata kila siku. Sasa tujiulize wenyewe, kabla sijauchukua ulikuwa umebaki mikononi mwa nani?"

Ulikuwa umebaki ndani ya nyumba ya baba, na ndani ya nyumba alikuwa amebaki mama. Hakumtaja. Kwa nini amtaje? Wenye masikio walishasikia.

Niliandika tena, safari hii kwa hasira. Niliandika kwamba wembe usionolewa unakwaruza, na ukikwaruza unakata, na ukimwazima mwenzako bila kuuosha unampa usaha, hakuna uchawi hapo, ni uvivu na uchafu. Shangazi akanijibu niwe na adabu kwa baba yangu. Hilo ndilo jibu pekee nililopata.

Mama hana simu ya aina hiyo, hivyo nilidhani hatajua. Nilijidanganya. Maneno ya Namtumbo yalifika Mjimwema kabla ya mazao yake. Ilikuwa zamu ya mama kupokea jumuiya, zile sala za wiki za Wakatoliki wa mtaa wetu, na alikuwa ameandaa togwa tangu juzi yake na kukoroga vizuri. Wakaja wachache kuliko kawaida. Wakasali, wakaimba, na togwa lilipoletwa mmoja akasema tumbo halipo sawa, mwingine akasema amefunga, mwingine anawahi mgonjwa. Wanawake hao hao walikunywa togwa la mama miaka yote na kuomba la kubeba. Mama aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akafunika ndoo.

"Nimefanya nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda akauliza kama maneno hayo yameshafika kwa padre.

Haukupita muda baba mdogo akaja na shangazi na wazee wawili wa ukoo, wakakaa uani. Nilifunga genge nikawahi. Alikuwa amekuja na wembe, ameuzungushia kitambaa chekundu na kuutia kwenye mfuko wa rambo, akauweka chini katikati yetu kama kidhibiti cha kesi. Ndevu alikuwa ameziacha, zimejaa. Alizungumza kwa upole sana. Alisema hamtuhumu mtu. Alisema shemeji yake amechoka na msiba, na ingekuwa vizuri aende kwao Mbinga apumzike, ili nyumba ya kaka ipate kusafishwa. Yeye angejitolea kukaa humo kuiangalia.

Akufukuzaye hakwambii toka. Nyumba hiyo mama aliikandika udongo kwa mikono yake kabla haijajengwa ya matofali, na maji ya kufyatulia matofali hayo aliyabeba kichwani. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anasikia kila neno. Wazee wale wawili walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na shangazi anatafuna karanga.

Nikauchukua ule mfuko nikafungua. Shangazi alishtuka akasema nisiushike kwa mikono mitupu. Nikaushika. Jamani, nililia machozi kwa kuuona. Kutu imeanza, sabuni na ndevu zimegandia kwenye kiungo cha mpini, na nilipouelekeza kwenye mwanga makali yakang'aa mstari mzima. Baba alinifundisha kwamba makali mazuri huyaoni. Ukiyaona yanang'aa, yamekufa.

"Baba mdogo, mara ya mwisho umeunoa lini?"

"Wembe wa kaka haunolewi," alisema. "Nimekaa naye, sijawahi kumwona na jiwe."

Hapo ndipo ujinga wote ulipokuwa. Alimwona kaka yake akinyoa. Hakuamka mapema kumwona akiwa mlangoni na mkanda. Nikawaambia wasubiri. Nikausafisha wembe kwa mafuta mpaka kutu ikalegea. Nikachekecha majivu laini ya jikoni kwa kitambaa, nikayachanganya na tone la mafuta, nikayapaka kwenye turubai. Nikauvuta mkanda, nikaanza. Mgongo mbele, makali nyuma, geuza, rudi. Wazee walichoka kutazama, wakaanza habari za pembejeo. Sikuharakisha. Nilipotoka kwenye turubai nikahamia kwenye ngozi, na sauti ikabadilika, ikawa nyororo, ile niliyoizoea alfajiri za baba. Nikajaribu kwenye nywele za mkono wangu, zikaanguka bila kuvutwa.

"Kaa hapa, baba mdogo," nikasema. "Nikunyoe."

Alisita, lakini wazee walikuwa wanamtazama. Akakaa. Nikamwekea taulo la maji moto usoni, nikapaka sabuni, nikanyoa shavu la kulia, taya na nusu ya kidevu, kwenye yale makovu yake yenyewe. Hakukuwa na tone la damu. Mzee mmoja akasimama akaja kumpapasa shavu, akasema, "Laini." Moyo wangu ukatulia. Nilidhani yamekwisha.

Baba mdogo akatoa simu, akajitazama kwenye kamera, akageuza shavu huku na huku. Kisha akawatazama wenzake.

"Mmeona?" akasema, akielekeza kidole jikoni kwa mama. "Leo haukati. Kwangu ukate, hapa usikate? Ametoa. Ameona kikao kimekaa, ametoa alichokiweka. Anayejua kutoa ndiye aliyeweka."

Na wale wazee, walioniona kwa macho yao nikihangaika na ule mkanda mpaka mkono ukafa ganzi, wakaitikia tena kwa vichwa! Shangazi akasema, "Hee, makubwa." Sijawahi kukasirika hivyo maishani. Ningeweza kuvumilia ujinga, lakini huu ulikuwa unakula ushahidi wangu na kushiba.

Nikaufuta wembe, nikaukunja. "Haya, nimemaliza."

"Umemaliza vipi? Na upande huu?"

"Mimi sijui dawa, baba mdogo. Amalizie mwenye dawa."

Nilitaka aondoke hivyo hivyo, nusu ya uso ina ndevu na nusu haina, apite stendi watu wamwone. Nilitaka achekwe mpaka Namtumbo. Lakini mama akatoka jikoni. Akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akanyoosha kiganja, nami nikampa wembe. Miezi ya mwisho ya baba, alipokuwa haamki tena kitandani, ni mama aliyemnyoa. Akaupitisha wembe kwenye ngozi taratibu, akaja akasimama mbele ya shemeji yake.

Nilimkazia macho baba mdogo nikisubiri aruke kwenye kiti. Mtu ameutangazia ukoo mzima kwamba mwanamke huyu ameweka uchawi kwenye wembe huu, sasa mwanamke ndiye huyu na wembe ndio huu. Nilimwomba Mungu aogope. Angeogopa ningejua kwamba aliamini aliyoyasema, na mtu aliyedanganyika unaweza kumwonea huruma.

Hakuogopa. Aliegemea kiti, akafumba macho, akainua kidevu na kumpa mama koo lake lote. Mama akanyoa shavu la kushoto, akashuka kwenye taya, akaingia shingoni. Baba mdogo anapumua polepole kama yuko kwa kinyozi wake wa siku zote.

Shangazi akaacha kutafuna. "Wewe," akamwambia, "humwogopi?"

"Nimwogope wa nini?" akajibu bila kufumbua macho. "Huyu si shemeji yangu? Namjua."

Wale wazee wakatazamana. Mkono wa mama ulisimama, wembe ukiwa umelala juu ya koromeo.

"Hayo maneno, shemeji, kwamba huna cha kuniogopa," mama akasema, "utayasema Jumamosi mbele ya jumuiya yangu."

Ndipo nilipouona mshipa wa shingo ya baba mdogo ukianza kuruka.