Daraja la Karatu na Jumamosi ya Mama Neema

Bosi alipotangaza kwamba anatakiwa mkufunzi wa kwenda Karatu kuwafundisha mafundi kukagua usalama wa madaraja, niliinua mkono kabla hajamaliza kusema. Wenzangu walidhani ni uzalendo. Ukweli ni kwamba mke wangu, mama Neema, ni muuguzi huko Nainokanoka, juu kabisa Ngorongoro kwenye baridi kali, nami kazi yangu iko Dodoma. Kila mwaka aliandika barua ya kuomba uhamisho anifuate, na kila mwaka majibu hayakuja. Nilikuwa sijamwona miezi saba.

Jumapili alfajiri nilipanda basi la kupitia Babati, nikabadilisha gari Makuyuni. Tulipoanza kupanda ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu, moyo ulishatangulia zamani. Tulikuwa tumepatana kwenye simu. Jumamosi angeshuka Karatu na gari la mwenye duka wa kijijini kwao, kisha arudi nalo jioni kabla geti la hifadhi halijafungwa. Hana mtu wa kumshikia zamu. Tungekuwa na siku moja tu, na nilikuwa nikiihesabu kama mtoto anavyohesabu sikukuu.

Karatu nilipewa mafundi kumi na wawili, vijana wepesi wa kuelewa. Niliwafundisha kugonga zege kwa nyundo na kusikiliza, maana zege zima lina mlio wake na lililooza lina wake. Usiku nilimwota mama Neema.

Ijumaa saa nne asubuhi niliwapeleka kwenye daraja moja la barabara kuu, nje ya mji, wajipime. Walitembea juu na vizibao vyao vipya vya kuakisi mwanga, wakagonga kingo, wakaandika "hali nzuri" fomu nzima. Chini hakushuka mtu, kwa sababu kulikuwa kumejaa mavi ya mbuzi. Mfugaji mmoja aitwaye Saning'o alikuwa amekaa huko na mbuzi wake, akipumzika kivulini.

"Nyinyi naangalia mgongo tu," alituambia akicheka. "Kuja tumboni. Lori ikipita, mchanga inamwagika kwa kichwa yangu."

Tukashuka. Paskalina, fundi binti wa hapo hapo Karatu, alipanda kwenye mawe akagonga pale boriti ya daraja inapokalia nguzo.

"Mwalimu, hapa panalia kama debe tupu," akasema. Akagonga tena, bonge la zege likaanguka, nondo zikaonekana zimeliwa na kutu.

Nilifuta "hali nzuri" kwenye fomu yao, huku nikiiwaza Jumamosi yangu. Nilimpigia mhandisi wa mkoa, akaniambia nizuie malori na mabasi mpaka yeye afike Jumamosi jioni. Pale mwenye mamlaka ya kuzuia magari nilikuwa mimi peke yangu.

"Mwalimu, kesho wewe nenda, sisi tutalinda," Paskalina alinisihi, maana habari za mke wangu zilishaenea darasani.

"Dereva wa lori atakusikiliza wewe?" nilimuuliza. Akaenda kunitafutia kamba.

Jumamosi saa tano nilikuwa kwenye kamba niliyoifunga mwenyewe kukata barabara, nikitukanwa na madereva, wakati bodaboda iliposimama. Mama Neema, niliyekuwa nimempigia simu usiku kumweleza nilipo, akashuka na kapu la chakula. Alikuwa amekonda. Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo silifanyi, na nilitaka kulia.

Tulikaa kwenye jiwe, tukala wali na maharage.

"Baba Neema," aliniambia, "mwaka huu sijaandika ile barua."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimuuliza kama amenichoka.

"Nikiondoka, akina mama wa kule watajifungulia kwa nani?"

Kabla sijamjibu, lori la saruji likapiga honi na kuanza kusogeza kamba kwa bampa. Nilikimbia, nikasimama mbele yake mikono juu mpaka likarudi nyuma. Niliporudi kwenye jiwe, mke wangu alikuwa ananitazama.

"Na wewe umeshindwa kuiacha hiyo kamba," akasema taratibu.

Saa nane bodaboda ikamrudisha mjini kuliwahi gari la mwenye duka, nami niliitazama mpaka vumbi likatulia.

Jumapili nilirudi Dodoma nikiwa na kapu lake tupu mapajani. Njia nzima nilijiuliza kwa nini miaka yote hiyo ni yeye aliyeandika kuomba kunifuata, nami nikakaa kungoja majibu ya barua zake. Barabara za Karatu nazo zina madaraja. Haikuwahi kunijia kwamba mtu wa kuhama anaweza kuwa mimi, na niliona aibu.

Jumatatu niliandika barua nikaomba kuhamishiwa Karatu, kisha nikampigia simu. Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akaniuliza kama nina koti zito.